Ruhusa ya Kwenda kwa Aliye Hai

Ukimwamkia shikamoo, Mlezi wetu wa wanafunzi aliitikia, "Marahaba. Kuna nini?" Maneno hayo mawili ya mwisho hakuyatenganisha na salamu. Uwe umekwenda kuomba ufunguo wa darasa, uwe umepishana naye tu kwenye ngazi, utaulizwa kuna nini, na macho yake yatakushuka kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Ukijibu kwamba hakuna kitu, ndiyo umejichongea. "Hakuna kitu," atarudia taratibu, kisha atakuacha uende zako, lakini mgongo utakuwasha mpaka ukate kona.

Mimi mwenyewe si mwepesi wa kuamini watu. Anayecheka kabla sijamaliza kusema simwamini, na anayenisifia mbele ya wengine simwamini zaidi. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza pale chuoni, chuo cha afya kilichojengwa juu ya mawe kama nusu ya Mwanza ilivyojengwa, nilimshuku kama alivyonishuku. Nilijiuliza mtu mzima anatafuta nini kwenye nyuso za watoto wa watu. Hakuna aliyekuwa na jibu, ila kila mmoja alikuwa na uvumi wake. Wengine walisema aliwahi kuwa askari. Wengine walisema ni mlokole aliyeonyeshwa ndotoni kwamba mmoja wetu atamletea balaa. Wahudumu wa jikoni walisema ni umbea tu, na umri umeuzidisha.

Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama geti, na pazia la kijani ambalo hakuwahi kulifungua lote wala kulifunga lote. Alilishika pembeni kwa vidole viwili, akalisogeza upana wa jicho, akatazama. Sisi tulikuwa na msemo wetu: "Pazia limetikisika." Maana yake ilikuwa kwamba kama una jambo lako, liahirishe.

Hakuamini hata sukari. Aliiweka kwenye kopo, akaisawazisha kwa kijiko, kisha akachora mstari juu yake ili ajue kama kuna mkono uliopita. Siku moja alikuta mstari umevurugika. Alimhoji mama anayefagia ofisi mpaka mama wa watu akatokwa na jasho, akaapa kwa jina la wazazi wake. Baadaye alipoinua kopo akakuta msafara wa sisimizi unatoka ukutani. Radhi hakuomba. Kesho yake alimletea yule mama mfuko wa sukari, akamwambia, "Uifiche vizuri, humu ndani kuna sisimizi." Yule mama alituhadithia huku akicheka mpaka akashika ubavu, na tangu siku hiyo ukimsema Mlezi vibaya mbele yake alikuwa anakununia.

Lakini jambo lililomjengea jina ni ruhusa. Ratiba yetu ilikuwa ya kukatisha pumzi: asubuhi darasani, mchana wodini, jioni majadiliano ya vikundi, Jumamosi zamu, na Jumapili kufua na kusinzia juu ya vitabu. Kanuni zilisema mwanafunzi haondoki katikati ya muhula isipokuwa kwa dharura. Hakuna aliyetufafanulia dharura ni nini, ila wote tulielewa kwamba ni kifo. Basi aliyetaka kumwona mama yake ilibidi kwanza amuue mjomba wake. Bibi walikufa, wakafa tena. Kuna kijana aliyefiwa na shangazi mmoja muhula wa kwanza, na muhula wa pili akafiwa na shangazi huyohuyo.

Mlezi alizisikiliza taarifa hizo akiwa amefumba macho. "Vifo vya Ijumaa sivipokei," alikuwa anasema. Au: "Sijawahi kuona ukoo ambao kifo kinaufuata kwa ratiba ya majaribio." Alipiga simu kwa wazazi. Aliuliza marehemu alikuwa akiumwa nini, alilazwa wapi, atazikwa wapi, na nani kalia kwa sauti kubwa. Aliporidhika kwamba msiba ni wa kweli, na ilikuwepo mingi ya kweli, alibadilika kabisa. Alikuwa anatokwa na machozi palepale kwenye kiti, mbele ya mwanafunzi, bila kujificha, akimlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Habari ya bibi wa Magu ilikuwa inasimuliwa kwa kila mwaka wa kwanza anayeingia. Kijana mmoja, mrefu, mchangamfu, alikwenda ofisini Alhamisi akisema bibi yake amefariki. Nadhani aliichagua Alhamisi kwa makusudi. Mlezi alimpa pole, akavaa kofia yake, akasema, "Twende wote. Chuo hakiwezi kukuacha peke yako." Wanafunzi wenzake walikuwa wameshachanga sukari na majani ya chai ya msibani. Wakapanda basi la barabara ya Musoma, kijana kakaa dirishani amekauka kama dagaa.

Walipofika walimkuta marehemu amekaa kwenye ngozi uani, anachambua karanga.

"Kalibu mwalimu," bibi akasema. "Kalibuni sana. Huyu mjukuu wangu kumbe ananikumbuka!"

Mlezi akavua kofia, akamwamkia shikamoo, akakaa. Hakusema neno kuhusu kilichowaleta. Alikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akaomba aongezwe, akauliza habari za mvua, akakabidhi sukari na majani ya chai kama zawadi ya wanafunzi. Bibi alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Kijana ndiye aliyelia, njia nzima ya kurudi, na abiria wakawa wanampa pole wakidhani kafiwa. Walipokaribia Igoma, Mlezi akamwambia, "Bibi yako umeshamzika wewe. Sasa kazi yako ni kumfufua. Utakuwa unakwenda kumwona kila ukipata upenyo, mpaka siku atakapokufa kweli."

Sisi tuliichukulia habari ile kama onyo. Tulicheka, kisha tukajifunza kudanganya vizuri zaidi. Mimi mwenyewe nilisema huo ni ukatili wa kumdhalilisha mtoto wa mwenzio, kwa nini asingemkatalia tu palepale ofisini?

Kuna jambo jingine kwake lililonitia mashaka. Waombaji wa ruhusa aliwashuku, lakini wasioomba aliwashuku zaidi. Jumapili alikuwa anapita mabwenini akigonga milango ya waliojifungia na vitabu. "Rafiki zako wako wapi?" anauliza. Ukisema unasoma, anasema, "Nimeona. Nimeuliza rafiki." Alikuwa amenigongea mimi mara nyingi. Sikuwa na rafiki wa kumwonyesha, zaidi ya mwenzangu wa chumbani, ambaye tulikuwa tunaongea habari za notisi na zamu ya kufagia tu. Nilimwona Mlezi kama mtu anayenifuatafuata. Nilikuwa nafaulu. Sasa kosa langu liko wapi?

Wakati huo nyumbani kwetu Usagara alikuwa amebaki baba na ng'ombe wake wachache. Mama alishatangulia zamani. Tangu niingie chuoni sikuwa nimekanyaga nyumbani zaidi ya likizo moja fupi, na hata hiyo niliikatisha kwa sababu ya mazoezi ya wodini. Tulikuwa tunazungumza kwa simu. Mwanzoni baba alikuwa anaongea mpaka salio linaisha. Halafu, taratibu, akawa anajibu mkato. Namweleza habari za wodini, anasema, "Haya, haya, tumshukuru Mungu," kisha anakata. Namuuliza ng'ombe yule mwenye jeraha anaendeleaje, ananijibu, "Haya mwanangu, usome kwa bidii." Amekata.

Nikaanza kujenga kesi, maana ndiyo tabia yangu. Kwanza nilidhani ni baba mdogo, aliyewahi kusema mbele yangu kwamba binti akisoma sana anasahau hata mlango wa nyumba yao. Nikaona amemjaza baba maneno. Kisha nikadhani baba ameoa na hataki nijue. Kisha nikafikia lile ambalo lilinikosesha hamu ya kula: kwamba baba amenichoka. Nilimpa simu moja kwa juma na yeye ameamua kunirudishia kwa kipimo kilekile.

Nilimwambia mwenzangu wa chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia jambo lisilohusu notisi. Alinisikiliza vizuri, kisha akanipa dawa ya chuo kizima. "Mfishe mjomba wako, uende."

"Sina mjomba."

"Basi baba mwenyewe. Ukifika atafufuka."

Kwetu kumtaja mzima kwa kifo ni uchuro, na uchuro hauna dawa. Nikamwambia siwezi. Nikaenda ofisini nikiwa sina hadithi yoyote, na kwenda kwa mtu yule bila hadithi ilikuwa kama kwenda kisimani bila ndoo.

"Shikamoo Mlezi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba ruhusa niende nyumbani, Usagara."

"Nani amefariki?"

"Hakuna."

Akaweka kalamu chini. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Harusi? Kesi ya shamba? Umeletewa posa?"

"Hapana. Nataka kumsalimia baba."

"Baba yako mzazi."

"Ndiyo."

"Yuko hai."

"Yuko hai na mzima. Juzi nimeongea naye."

"Kama umeongea naye, unaendea nini?"

Nikamweleza. Kwamba ananikatia simu, kwamba sijui nimemkosea nini, kwamba nataka nimwone uso. Alisimama, akasogeza pazia, akaangalia kama kuna wenzangu wananisubiri nje wakicheka. Hakukuwa na mtu. Akarudi kukaa.

"Mbona hukuniambia amekufa? Wenzako wote wanaua."

"Ni uchuro, Mlezi."

Nilijua ananishuku, maana hata ukweli ulikuwa haujawahi kumfikia ukiwa uchi namna ile. "Tangu nikalie kiti hiki," alisema, "hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya kwenda kwa mtu aliye hai na mzima. Hakuna. Nimekuwa nasubiri." Kisha kama aliyejutia kauli hiyo, akakunja uso. "Kanuni zinasema dharura. Kumsalimia baba ni dharura?"

Nikautazama muhuri uliokuwa mezani pake.

"Inategemea baba ana umri gani," akajijibu mwenyewe, akagonga muhuri. "Lakini sikuamini bado. Ukirudi utaniambia kitu kimoja cha baba yako ambacho ulikuwa hukijui ulipotoka hapa. Kimoja tu. Na usitunge, nitajua."

Niliondoka nikijua ule ni mtego, sikujua tu umetegwa wapi.

Nyumbani nilimkuta baba uani, kanipa mgongo, anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia nikiwa nyuma yake kidogo, upande wa kulia. "Shikamoo baba." Aliendelea kuchonga. Nikarudia. Kimya. Nakumbuka nilishika mkanda wa begi kwa mikono miwili na kujisemea, basi ni kweli. Kivuli changu ndicho kilichomgeuza. Aliponiona alidondosha panga na mpini pamoja, akasimama, akasahau hata kuitikia, akawa anasema tu, "Ee! Ee! Ee mwanangu!"

Jioni wakati wa kula niliona. Kila nilipoongea alikuwa anageuza kichwa kunipa upande wa kushoto. Simu ilipolia, aliishika kwa mkono wa kulia na kuiweka sikio la kulia, kama alivyozoea siku zote, akasema, "Haya, haya, tumshukuru Mungu," akakata. Nilimuuliza ni nani. "Sijui," akasema, kisha akaona aibu. Sikio la kulia lilikuwa limekufa. Alijua, ila hakutaka kumwambia mtu, wala hakutaka mimi niwaze nikiwa masomoni. Alikuwa anaitikia sauti yangu kwa kukisia.

Nilimwambia simu ikilia aiweke sikio la kushoto, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya zizi, nikampigia. "Baba, unanisikia?"

"Hee!" akapiga kelele. "Nakusikia mpaka unavyohema! Habali za huko?"

Nikiwa nyuma ya zizi, nikamwambia habari za huko ni nzuri. Nililia kidogo, kisha nikaingia ndani.

Niliporudi chuoni Mlezi alinisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Hiyo huwezi kuitunga," na akaniambia nimlete baba sikio likaangaliwe. Kisha akauliza, "Lini tena?"

Habari zilienea. Ghafla wazazi wa chuo kizima wakafufuka. Foleni ikawa ndefu ofisini, na kila aliyerudi alidaiwa kitu chake kimoja. Wapo waliotunga, na aliwanasa. Lakini wengi walirudi na vitu vya kweli, vidogo vidogo: mama anayeogopa vyura, baba anayeficha kwamba hajui kusoma majina ya mitaa ya mjini, kaka aliyeacha pombe bila kumtangazia mtu. Mwenzangu wa chumbani alirudi kutoka Ukerewe akasema amegundua mama yake alikuwa mchezaji mashuhuri wa ngoma. Alinionyesha hatua zake chumbani, tukacheka mpaka tukagongewa ukuta, na tangu siku hiyo nikawa na rafiki wa kumwonyesha Mlezi.

Hata hivyo shaka yangu haikuisha, ilihamia kwingine. Anazipeleka wapi habari zote hizi? Mtu gani anataka kujua mama wa nani anaogopa vyura? Na nikaanza kuona kitu ambacho wengine walikuwa hawakioni. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda popote. Mke na watoto wake walikuwa Dodoma, hilo lilijulikana. Likizo zikija, sisi tunabeba mabegi, na yeye anabaki na pazia lake. Ukimuuliza, anasema, "Nani atalinda chuo?" Chuo kina mlinzi. Nilimwona zaidi ya mara moja amesimama uani na simu, akisema, "Baba ana kazi nyingi, mwanangu. Nitakuja." Sikumwamini. Nadhani hata huko Dodoma hawakumwamini.

Miaka imepita. Mimi ni tabibu sasa, kituo kiko Igoma, na shughuli zimenizidi kuliko zile za chuo. Niliposikia kwamba Mlezi amestaafu na anaishi Pasiansi, nilisema nitakwenda. Nikasema hivyo kwa muda mrefu. Jumamosi moja ya hivi karibuni nilibeba mfuko wa michembe aliyoniletea baba, nikaenda kabla sijapata sababu ya kutokwenda.

Nilipofika getini, pazia la dirisha la mbele lilitikisika.

"Shikamoo Mlezi."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nilitaka kumkumbatia. Amekonda, na mvi zimemvamia, ila macho ni yaleyale. "Nimekuja kukusalimia," nikasema.

"Unataka barua ya udhamini?"

"Hapana."

"Kazini wamekusimamisha?"

"Hapana, Mlezi. Nimekuletea michembe ya baba."

Aliuchungulia mfuko. "Sikio lake?"

Sikuwa nimemtajia jina langu, wala la Usagara. Nilimwambia sikio la kulia ndiyo basi tena, ila la kushoto linasikia mpaka mambo yasiyomhusu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipisha.

Alikuwa peke yake. Mkewe yuko Dodoma kwa mtoto wao mkubwa, analea mjukuu. Mtoto wa mwisho, binti, yuko chuo kikuu hukohuko. Tulikaa sebuleni tukiongea. Alinikumbusha mama anayeogopa vyura, akanitajia na kijiji chake. Simu ilipolia aliilaza mezani na kufungulia sauti.

"Shikamoo baba," sauti ya msichana ikasema. "Baba, nilisema nitakuja huko, lakini sitaweza. Mitihani imebana sana."

"Marahaba, mwanangu."

Nilingoja ile "Kuna nini?" yake. Haikuja.

"Soma, mama," akasema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Usijichoshe. Mungu akusaidie."

Simu ilipokatika aliifuta kioo kwa kiganja. "Wamefunga chuo," aliniambia. "Nilipiga ofisini kwao nikauliza. Wameshafunga kitambo."

"Umemwambia unajua?"

"Nimwambie?" Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Nikimwambia ataona aibu, ataacha hata kupiga. Sasa hivi kila Jumamosi anakaa, anafikiri, anatafuta uongo wa kumwambia baba yake, kisha ananipigia. Kila Jumamosi. Mimi sikuwa nawapigia kila Jumamosi."

Nilimwonea huruma, na huruma kwa mtu yule ilikuwa kitu kigeni mno, nikatamani kutoka. Nikachukua mkoba. "Basi Mlezi, naomba niwahi. Nina kikao kazini." Sikuwa na kikao chochote. Neno lilitoka lenyewe, kama yanavyotoka siku zote.

"Haya mwanangu," akasema. "Nenda, usichelewe. Mungu akusaidie."

Ilikuwa sauti ileile laini. Hakuniuliza ni kikao gani cha Jumamosi mchana. Hakunishusha kwa macho kutoka utosini hadi viatuni. Alikuwa ameshasimama kunifungulia mlango.

Nikakaa tena. Nikaweka mkoba chini ya kiti, mbali na mkono wangu.

"Kikao kimeahirishwa," nikasema.

Aligeuka taratibu mlangoni. Akanitazama utosini, akashuka, akafika viatuni, akapanda tena. "Kimeahirishwa na nani? Simu yako haijalia tangu uingie humu."

"Na… na mwenyekiti."

"Lini?"

Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuzama, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kushukiwa namna ile. Yeye alifunga mlango, akachukua ule mfuko wa michembe, akaenda nao jikoni. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.

"Na huyo mwenyekiti," alipaza sauti kutoka huko, "ana jina?"